Niweke rehani nyumba tunayoishi ili ninunue ya kupangisha?

"Nina miaka 43, nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Nimejibana mpaka nikafikisha akiba ya shilingi milioni 55. Dalali amenionyesha mali Goba, Dar es Salaam: nyumba ndogo nne ndani ya uzio mmoja, kila moja inapangishwa 350,000 kwa mwezi, na zote zina watu. Wanataka milioni 180. Hati ina jina la marehemu baba yao na nakala nimetumiwa kwenye simu. Mama yao yupo hai, anaishi Tanga. Nyuma ya uzio kuna kibonde kidogo. Benki wako tayari kunikopesha milioni 125 kwa miaka 10, riba asilimia 17, dhamana ikiwa nyumba tunayoishi hapa Morogoro. Mke wangu sijamweleza kwa undani, nimeambiwa atasaini fomu tu. Dalali anasema ardhi haijawahi kushuka bei, na kwamba benki isingekubali kama mali ina matatizo. Lakini rafiki yangu alinunua hivihivi akapoteza kila kitu, na sasa usingizi hauji. Nifanye nini ili hata mambo yakiharibika nisibaki mikono mitupu?"

Kaka, nianze na maneno yako ya mwisho, maana ndiyo swali lenyewe. Wengi wanaonitafuta huuliza nyumba itaingiza kiasi gani. Wewe umeuliza utabaki na nini. Nimefanya kazi ya uthamini wa majengo kwa miaka 19, na baadhi ya nyumba nimezipima zikiwa njiani kwenda mnadani. Nimewahi kupima vyumba huku mtoto wa mwenye nyumba akinishikia ncha ya futi, hajui ninapima kwa ajili ya nini. Sikumbuki familia iliyofika hapo kwa sababu kodi ilipungua kidogo kuliko walivyotarajia. Walifika hapo kwa sababu kosa la mahali pengine lilikuwa limefungwa kwenye mlango wa nyumba waliyokuwa wanalala.

Kwa hiyo jibu langu nakupa mapema: kwa jinsi ulivyoupanga, mpango huu usiufanye. Sisemi usimiliki nyumba za kupangisha, na wala sisemi Goba ni pabaya. Nasema hivi ulivyoviunganisha, yaani mkopo, nyumba ya familia na hati ya marehemu, vikiteleza havikuachii pa kushika.

Tuanze na benki, kwa sababu hapo ndipo dalali amekupa faraja isiyokuwepo. Amesema benki isingekubali kama mali ina matatizo. Mali ipi? Dhamana yao ni nyumba yako ya Morogoro. Hiyo ndiyo watakayoipelekea mthamini, hati yake ndiyo watakayoichunguza kwa Msajili wa Hati, na mipaka yake ndiyo wataihakikisha. Ya Goba hawana sababu ya kuigusa. Kwao milioni 125 ungeweza kununulia mahindi, na bado nyumba ya Morogoro ingewatosha. Siku akitokea mwenye mali mwingine Goba, benki haipotezi kitu. Anayepoteza ni wewe, mara mbili: fedha imekwenda, na deni lipo palepale likidai kila mwezi.

Hapo pia unapata kipimo kizuri kisicho na gharama. Rudi benki uwaombe dhamana iwe nyumba hiyohiyo ya Goba, si unayoishi. Wakikubali, watalazimika kuikagua kwa macho yao. Wakiikataa, omba wakueleze sababu, kisha uiandike. Sababu hiyo ndiyo ambayo dalali hakukuambia.

Sasa hesabu, maana naona umeangalia kodi tu. Mkopo wa milioni 125 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 10 una rejesho la takribani milioni 2.17 kila mwezi. Kodi ya nyumba zote nne, bila mpangaji hata mmoja kuhama wala kuchelewesha, ni milioni 1.4. Kwa mwaka ni milioni 16.8, yaani kama asilimia 9 ya bei. Unakopa kwa asilimia 17 kununua kitu kinachozaa asilimia 9, kabla bomba halijapasuka. Toa mwezi mmoja wa kila nyumba kukaa wazi kwa mwaka, toa asilimia 10 ya kodi ya mapato ya TRA, toa asilimia 10 nyingine ya rangi, mabati, mashimo ya choo na pampu ya maji: unabaki na kama milioni 1.03. Pengo la milioni 1.14 litatoka dukani kwako kila mwezi, kwa miaka 10. Ukifika mwisho utakuwa umewalipa benki karibu milioni 261 kwa mkopo wa milioni 125.

Dalali atakujibu kwamba faida iko kwenye kupanda kwa bei, na simpingi moja kwa moja: maeneo mengi ya pembeni ya Dar es Salaam yamepanda sana kwa miaka 20 iliyopita. Lakini bei iliyopanda hailipi rejesho la tarehe 30. Na si kweli kwamba haishuki. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na fedha ikawa ngumu mitaani, wenye nyumba wa Masaki na Oysterbay waliozoea kulipwa kwa dola waliteremsha kodi, na nyumba nyingine zilikaa tupu kwa miezi. Tena kuna kushuka kusikoonekana kwenye bei. Mradi wa mji mpya wa Kigamboni ulipotangazwa mwaka 2008, watu walikaa miaka mingi hawajui kama wajenge, wauze au wasubiri fidia. Ardhi yao ilikuwepo, ila haikuwa fedha. Mwenye kumiliki bila deni anaweza kusubiri hali kama hiyo ipite. Mwenye rejesho la milioni 2.17 hawezi.

Hiyo ndiyo siri ya hasara kubwa katika majengo: bei kushuka peke yake ni mara chache kumwangusha mtu, kinachomwangusha ni kulazimika kuuza bei ikiwa chini. Chukua mfano wa miaka miwili. Utakuwa umelipa benki milioni 52, lakini kwa sababu sehemu kubwa ya marejesho ya mwanzo ni riba, deni litakuwa limeshuka kutoka 125 hadi kama 113.6 tu. Biashara ikayumba, ukahitaji kuuza upesi. Taarifa ya uthamini tunayoandika sisi huwa na namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo mara nyingi huwa pungufu kwa robo hivi. Watu husoma ya kwanza wakafurahi. Soma ya pili. Milioni 180 ukiitoa robo inabaki 135. Toa ujira wa dalali, wakili na kodi za serikali, tuseme 7. Lipa benki 113.6. Mkononi unabaki na kama milioni 14. Uliingiza akiba ya 55 pamoja na pengo la miaka miwili, karibu 27, jumla 82. Bei imeshuka kwa robo, lakini wewe umepoteza zaidi ya robo tatu ya fedha yako. Deni ndilo lililoikuza hasara. Na huu ni mfano wa hati ikiwa safi.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulifikiria. Unauza saruji, nondo na mabati. Watu wanaacha kununua saruji lini? Fedha inapokuwa ngumu. Wapangaji wanachelewesha kodi lini? Wakati huohuo. Wanunuzi wa nyumba wanapotea lini? Wakati huohuo. Duka lako na nyumba ya Goba vinachota maji kisima kimoja, na duka ndilo ulilolipangia kuziba pengo la nyumba. Mwalimu mwenye mshahara wa serikali angeweza kubeba mkopo huu kwa hatari ndogo kuliko wewe, hata kama anaingiza kidogo kuliko wewe.

Sasa hati, ambayo ndiyo inaninyima raha kuliko yote. Marehemu hauzi nyumba. Watoto nao hawauzi kwa kuwa ni watoto. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua za usimamizi, na jina lake likiwa limeingizwa kwa Msajili wa Hati kama mwakilishi wa marehemu. Usikubali muhtasari wa kikao cha ukoo ukae mahali pa barua ya mahakama. Kikao hupendekeza, mahakama ndiyo inayoteua. Nenda mwenyewe kwenye mahakama iliyotajwa na namba ya shauri, uombe kuona jalada: warithi ni kina nani, mjane anasemaje, kuna pingamizi? Mama aliyeko Tanga ni wa kuonana naye uso kwa uso kabla ya shilingi ya kwanza. Huenda ana sehemu yake kwenye ile nyumba, na huenda hajui inauzwa. Nimeona mauzo ya namna hii yakifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sababu ya mrithi mmoja tu ambaye hakushirikishwa. Mnunuzi alikuwa mwaminifu kabisa, alilipa kila kitu, na aliondoka pale hana nyumba, ameambiwa amdai aliyemuuzia, ambaye fedha alishaitumia.

Nakala iliyotumwa kwenye simu haithibitishi chochote. Unachohitaji ni upekuzi rasmi, ambao wengi mnauita "search", kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na unachokilinda. Utaambiwa kwa maandishi mmiliki ni nani, muda wa umiliki umebaki kiasi gani (maana hapa kwetu ardhi ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na hati hutolewa kwa miaka, mwisho 99), kama kuna rehani na kama kuna zuio, yaani katazo la kuihamisha. Ufanye mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, na tena siku ya kulipa. Kati ya siku hizo mbili mtu anaweza kuweka rehani au kumuuzia mwingine. Ndiyo maana wakili makini, mkishasaini, huomba zuio liandikwe kwa faida yako wakati uhamisho unaendelea. Kisha mlete mpima ardhi mwenye leseni atafute bikoni, yaani alama za mipaka, na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Kumbuka hati inaweza kuwa halali kabisa, ila ikawa ya kiwanja cha jirani.

Na kibonde? Kaka, usikiite kidogo mpaka ukione mwezi wa nne. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, na mwisho wa 2015 tingatinga lilirudi mabondeni. Barabarani ni vilevile. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na kule Kimara hadi Kiluvya, ambako hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2017. Zilikuwa na umeme na maji, na wenyewe walikuwa wamekaa humo miaka. Kuunganishwa umeme si uthibitisho wa kitu chochote. Uliza ofisi ya mipango miji ya manispaa, uliza wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, kisha uliza wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Angalia kuta za majirani. Mstari wa tope hausemi uongo. Ongea na wapangaji pembeni bila dalali: wanalipa kweli 350,000? Wamelipa ya miezi mingapi mbele, na kwa nani? Ukikuta wameshalipa miezi sita, kodi hiyo imeshaliwa, nawe rejesho lako linaanza mwezi ujao.

Jengo lenyewe mpe mhandisi alione, hasa kama kuna ghorofa iliyoongezwa baadaye. Bima ya moto ikate, si ghali, ila ujue haikulindi na hati mbovu wala na mpangaji asiyelipa.

Sasa shemeji. Sheria ya Ardhi haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ridhaa maana yake ameelewa anachokubali. Nyie mnaliita fomu, lakini sahihi yake ndiyo inayofungua mlango kwa dalali wa mnada. Mweleze hesabu zote hizi, pamoja na ile ya miaka miwili. Sikuambii hivi kwa ajili ya sheria tu. Mara nyingi mimi huona mwenzi ndiye aliyekuwa na swali moja ambalo lingeokoa nyumba, ila hakuulizwa. Akikataa, usimbembeleze asaini.

Ungefanya nini basi na milioni 55? Ningekuwa wewe, kwanza ningetenga 15 zisiguswe, ziwe za kukaa miezi sita hata duka likifungwa. Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, au akaunti ya akiba vinatosha, maana kazi ya fedha hiyo ni kupatikana haraka. Arobaini zinazobaki ningezitumia Morogoro. Una faida ambayo mnunuzi wa Dar hana: vifaa unavipata kwa bei ya jumla, mafundi unawajua kwa majina, na kila asubuhi unaweza kupita saiti kabla hujafungua duka. Kiwanja kilichopimwa, chenye hati ya muuzaji aliye hai, kisha nyumba ndogo moja ya kupangisha, halafu ya pili kodi ya kwanza ikishaingia. Vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe vina wanafunzi na wafanyakazi wanaotafuta pa kukaa, na treni ya mwendokasi iliyoanza Juni 2024 imesogeza mji wako karibu na Dar. Utaenda polepole, na hilo nakubali ni gharama; huenda Goba ikapanda bei bila wewe. Lakini mpangaji akihama, utakuwa umepoteza kodi ya mwezi tu.

Kama moyo wako umeganda Dar, kuna njia za kati. Nunua kwa ubia na ndugu unayemwamini, kwa mkataba wa maandishi na majina yote kwenye hati. Au tafuta mali ndogo ambayo akiba yako inafika nusu ya bei au zaidi, mkopo uwe wa mali hiyohiyo, na rejesho lisizidi kodi ukishatoa gharama. Hata hapo uwe mkweli na nafsi yako: mali ikiuzwa kwa mnada na fedha isitoshe, benki bado inaweza kukudai kilichobaki. Ila hawataanzia kwenye chumba cha watoto. Hati fungani za serikali unaweza kuanza na milioni moja, nazo hazina mpangaji wala kibonde, ingawa ukitaka kuuza kabla ya muda bei yake huweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Kwa mbali nimefika hapa. Yaliyobaki yanahitaji mtu wa kukaa naye mezani akiwa na karatasi. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala aliyeletwa na dalali, na uhakikishe kwa Chama cha Wanasheria Tanganyika kwamba leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Tafuta mthamini aliyesajiliwa ambaye wewe ndiye unayemlipa. Fedha yoyote ipite kwenye akaunti ya wakili kwa masharti yaliyoandikwa, isipite mkononi mwa dalali, na sehemu kubwa itoke uhamisho ukishasajiliwa kwa jina lako. Mkataba uandike nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji na nani analipa ushuru wa stempu, maana bila kodi hizo uhamisho hauendi. Na kama tayari umetoa chochote, hata "laki tano ya kushikilia", usisubiri wiki ijayo. Nenda kwa wakili kesho na risiti au ujumbe wa simu unaoonyesha malipo.

Kama hujatoa, kesho mpigie dalali umwombe vitu vitatu tu: namba ya hati, namba ya shauri la mirathi, na simu ya mama aliyeko Tanga. Akianza kukuambia kuna mnunuzi mwingine anakuja na fedha taslimu Ijumaa, mwache huyo mnunuzi anunue.